Kwanza Soko Lifungwe

Safari ya Unguja kwa mama anayependa hadithi za mapenzi yaliyorudi

Akina mama wengi tunazifahamu riwaya hizi. Hupita mkono kwa mkono, kutoka kwa jirani hadi kwa wifi, mpaka jalada likabanduka na kurasa za mwisho zikalegea kwa kusomwa. Kisa chake ni kilekile: mume na mke waliopendana wakaachana, au wachumba wakatenganishwa na wazazi, miaka ikapita, kisha Mungu akawakutanisha tena, wakasameheana, na kitabu kikaishia madhabahuni. Hakuna jambo ndani yake la kumfanya mama akifiche kitabu chini ya mto mtoto anapoingia chumbani. Tunazipenda, wala sioni sababu ya kulionea haya jambo hilo. Nani asiyependa kuambiwa kwamba kilichovunjika huweza kuungwa?

Hata hivyo, nyingi ya riwaya hizo huenda mbio mahali ambapo sisi tungependa ziende polepole. Kati ya kuachana na kurudiana mna kurasa mbili za machozi na moja ya maombi, kisha harusi. Mama ambaye ndoa yake imepata ufa anajua tayari kwamba watu hurudiana. Anachotaka kujua ni namna wanavyorudiana, na lipi hutangulia lipi.

Hivi karibuni nilivuka kwenda Unguja pamoja na akina mama wenzangu kumi wa kanisa letu la Dar es Salaam. Mmoja wetu alikuwa na barua mkobani. Mumewe, aliyeondoka nyumbani miaka mitatu nyuma akaenda kuishi na mwanamke mwingine, alikuwa ameandika kuomba arudi, ili waanze tena kama zamani. Wazee wa ukoo walimwambia mwenzetu asamehe upesi, asije akaonekana ana roho ngumu. Dada zake walimwambia aichane barua. Yeye hakufanya hili wala lile. Aliikunja, akaja nayo. Kwa ruhusa yake naandika habari hii, nikiacha jina lake na yote ya kumtambulisha.

Boti ya kasi huchukua muda wa saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam. Sisi tulikwenda kutembea, kuomba na kupumzika. Lakini Unguja ni kisiwa chenye kumfundisha mtu hata kama hakwenda darasani.

Nyumba huuliwa na dari

Ukitoka bandarini Malindi na kushika barabara ya pwani kuelekea Forodhani, bahari inakuwa kuumeni na Mji Mkongwe kushotoni. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na boriti za mikoko. Milango imechongwa maua na minyororo, vijia ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hawapishani bila kuombana radhi.

Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Fundi mmoja aliyekuwa akipiga lipu jirani na hapo alitueleza, kwa ule upole wa Kiunguja, kwamba nyumba za namna hii huuliwa na dari. "Mama zangu," alisema, "maji yakiingia juu, ukuta hunywa kimya kimya. Nje mwaiona nyeupe, nzuri. Ndani chokaa imeshakuwa uji."

Tuliposogea, mmoja wetu akasema, "Huyo baba amehubiri bila kujua." Tukacheka, ila si sote.

Binti aliyengoja mlango

Kila anayetembea pwani hii atasikia jina la Sayyida Salme. Kisa chake kimeandikwa sana, na watalii husimuliwa kama hadithi ya mapenzi. Mama akisikiliza kwa masikio ya mama, husikia na mengine.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kilomita chache kaskazini ya mji, binti wa Sultani Sayyid Said. Kuandika alijifunza kwa siri, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kuandika. Alitumia mfupa wa bega la ngamia kuwa ubao wake. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, ndugu zake wawili waligombania kiti cha baba yao. Yeye alimsaidia Barghash dhidi ya Majid, akawa mwandishi wake wa barua za siri. Barghash akashindwa. Majid, aliyekosewa, alimsamehe dada yake.

Baadaye alihamia mjini, jirani na mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Heinrich Ruete. Wakapendana. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily mwezi Mei 1867, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Heinrich. Mtoto wao wa kwanza akafariki mwaka huohuo. Wakaenda kukaa Hamburg, wakapata watoto watatu. Kisha, Agosti 1870, Heinrich alianguka kutoka katika tramu akafa. Salme akabaki mjane wa miaka ishirini na mitano, katika nchi ya baridi, lugha ngeni, watoto watatu mikononi.

Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na aliyekalia kiti ni Barghash, yule ndugu ambaye kwa ajili yake Salme alihatarisha kila kitu. Mwaka 1885 alirudi Unguja na watoto wake akitumaini kupatana. Watu wa mji walimkusanyikia njiani. Ndugu yake hakumpokea. Mwaka 1888 alirudi tena, na safari hiyo pia hakupata alichokitafuta. Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924; na husimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar.

Ndugu msomaji, pengine utasema alijitakia, kwa kuwa aliacha dini na ukoo wake. Wengine watasema ndugu yake alikuwa mkatili. Sisi hatukwenda kuhukumu familia ya watu. Tulichokiona ni hiki: mtu mmoja peke yake hawezi kupatana. Waweza kuvuka bahari mara mbili na watoto mkononi, na mlango usifunguliwe, wala kosa la kutofunguliwa lisiwe lako. Wako akina mama wanaosoma ukurasa huu ambao wamebisha hodi miaka mingi na kila siku wanajiuliza wamekosea wapi. Hao nawaambia, kubisha mlijitahidi. Funguo ya ndani haikuwa mikononi mwenu.

Mkunazini: lipi lilitangulia

Kutoka pwani tulikatisha vijia hadi Mkunazini, liliko Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Hapa ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, waume, wanawake na watoto, wakapangwa na kuuzwa. Mke aliuzwa huku, mume kule, mtoto kwingine. Nje ya kanisa, katika shimo lililochimbwa ardhini, zimesimama sanamu za watu watano na minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso zao hazikutazami. Akina mama wawili wetu walishindwa kukaa pale kwa muda mrefu.

Ndani ya kanisa, karibu na altare, pana duara la marumaru sakafuni. Linaonyesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Kwenye nguzo umetundikwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone.

Mwongozaji wetu, kijana Mwislamu mwenye adabu nyingi, alitupa tarehe. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Paa la kanisa alilifanya la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti za kulishika, na wapo waliosema lingeanguka. Limesimama hadi leo. Karibu na birika la ubatizo ziko nguzo ambazo mafundi walizisimamisha juu chini wakati askofu hayupo. Alipozikuta aliziacha. Nazo bado zimebeba mzigo wake.

Mwenzetu mwenye barua alikuwa amekaa benchi la mbele. Alimwita kijana yule akamwuliza, "Mwanangu, hebu nirudie. Soko lilifungwa kabla ya kanisa, au kanisa ndilo lililofunga soko?"

"Soko kwanza, mama," akajibu. "Juni soko, Disemba kanisa."

Akanyamaza. Mimi niliyekuwa karibu naye nilielewa alichokuwa akikihesabu.

Akina mama, tunahubiriwa sana kusamehe, na ni haki. Bwana wetu alifundisha hivyo na hatuwezi kulipunguza neno lake. Lakini mara nyingi tunaambiwa tujenge kanisa sokoni huku mnada ukiendelea. Mume bado ana nyumba ya pili, na mke anaambiwa afungue mlango. Mkono bado unapiga, na mke anaambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Hata Steere asingeweza kuweka jiwe la msingi huku watu wanapigwa bei juu yake. Kwanza soko lifungwe. Kisha jiwe liwekwe. Na likishafungwa, mahali pale pale palipotolewa damu panaweza kuwa mahali pa sala. Hakuna haja ya kuhamia kisiwa kingine ili kuanza upya.

Jioni ile tulifungua Biblia kwa nabii Hosea, aliyeambiwa ampende tena mke aliyemwacha. Hosea alitoka akamnunua kwa vipande kumi na vitano vya fedha na shayiri juu yake. Tulikuwa tumesoma habari hiyo mara nyingi kanisani kwetu bila kuitafakari bei. Kuisoma usiku ambao mchana wake umesimama sokoni ni jambo lingine. Aliyemtoa mwenziwe katika mauzo alilipa, tena kwa mali yake mwenyewe. Baada ya kumrudisha, alimtaka akae siku nyingi kwanza, bila haraka ya kurudi katika mambo ya mume na mke. Riwaya zetu husahau zile siku nyingi.

Mangapwani: soko la usiku

Siku ya pili tulikodi gari hadi Mangapwani, pwani ya magharibi, kaskazini ya mji. Njiani ni minazi, migomba na mikarafuu, na akina mama wakiuza mashelisheli kando ya barabara. Huko kuna chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, chenye ngazi za kushukia, kimefunikwa juu. Inaelezwa kwamba wafanyabiashara walificha watumwa humo baada ya mkataba wa 1873, wakingoja giza ili wawapakie majahazini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Soko la mjini lilifungwa kwa sahihi ya siku moja, lakini biashara ilihamia pangoni. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Zanzibar mpaka mwaka 1897, miaka ishirini na minne baadaye. Nao wanawake waliokuwa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909.

Tulishuka ngazi mmoja mmoja. Ndani kuna joto na harufu ya udongo mbichi. Tulipotoka, mama mmoja mzee kuliko sote, ambaye ametunza ndoa miaka arobaini na miwili, alisema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Mtu akikuambia ameacha, mshukuru Mungu. Halafu tazama na pangoni."

Hakumaanisha tupekue simu za waume zetu usiku. Alimaanisha kwamba kutubu huonekana kwa matunda na kwa muda. Aliyeacha pombe ataonekana mwisho wa mwezi, mshahara ukifika nyumbani. Aliyeacha mwanamke mwingine ataonekana kwa mahali anapolala, na kwa jinsi asivyokasirika akiulizwa. Na sisi wanawake tusijitoe. Wako waume ambao wanangoja wake zao wafunge masoko yao wenyewe, ya ulimi, ya madeni ya siri, ya mawasiliano yasiyofaa.

Mbweni: wale wasioweza kurudiana

Mchana tulielekea kusini, Mbweni, kilomita chache kutoka mjini upande wa uwanja wa ndege. Kama kuna mahali Unguja panapostahili riwaya safi ya mapenzi, ni hapa.

Misheni ya UMCA, iliyofika Zanzibar mwaka 1864, ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Hapo walipelekwa watumwa walioachiwa huru, wengi wao waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi baharini. Walipewa sehemu za kulima na kujenga vibanda. Ikafunguliwa shule ya wasichana, ya Mtakatifu Maria. Magofu yake yangalipo, kuta za matumbawe zilizoota majani. Mwalimu wake aliyejulikana zaidi, Caroline Thackeray, alifika kutoka Uingereza mwaka 1877 akakaa Mbweni mpaka kufa kwake mwaka 1926. Kanisa dogo la Mtakatifu Yohana, lililojengwa miaka ya mwanzo ya 1880, bado linasaliwa, na mlango wake umechongwa kwa mtindo wa Kiunguja.

Fikiri, mama, watu hao walikuwa nani. Kuna aliyekuwa na mume huko bara, na hakujua kama yu hai. Kuna mtoto aliyetolewa jahazini asiyekumbuka jina la kijiji chake. Kwao hapakuwa na kurudiana. Njia ilikuwa imefutika. Wengi wao hawakuwaona tena waliowapenda mpaka kufa. Hata hivyo katika kanisa hili walifunga ndoa, wakazaa, wakalima mihogo, wakagombana na kupatana kama watu wote. Wasichana wa Mbweni wengi waliolewa na vijana wa shule ya misheni ya Kiungani, nao wakaenda pamoja bara kuwa walimu na wahudumu wa kanisa.

Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto. Alisoma Kiungani, akamwoa Lucy, binti aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1886 walikwenda Chitangali, kusini ya Tanzania ya leo, nchi ya Wayao, kuhudumu. Mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuwekewa mikono kuwa kasisi. Vitabu vinamtaja yeye zaidi. Lakini kila mke wa mchungaji anayesoma hapa anajua ni nani aliyepika, aliyepokea wageni na kuwaangalia wagonjwa huko Chitangali. Aliyeuzwa akiwa mtoto alirudi bara na mkewe, wakiwa na nyumba yao wenyewe.

Nawaandikia hasa wajane na wale walioachwa kabisa. Mwanzo wa pili si lazima uwe mtu yuleyule akirudi mlangoni. Ruthu alimzika mumewe Moabu, na Boazi hakuwa yule mume aliyefufuka. Na kwa wengine mwanzo wa pili si ndoa kabisa, kama mwalimu yule wa Mbweni, ambaye hakuolewa.

Zingatia pia neno hili: pale Mbweni watu walipewa ardhi. Uhuru usio na chochote mkononi ungewarudisha kwa bwana wa jana kuomba chakula.

Paje: mkono wenye kitu

Siku ya tatu tulivuka kisiwa hadi Paje, pwani ya mashariki. Maji yakitoka, bahari hujiondoa mbali sana, na unaona vigingi na kamba vimepangwa kama bustani. Ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza kwa ajili ya biashara mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Miaka ya karibuni maji yamekuwa ya moto zaidi na ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa. Wengine wamejifunza kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani ili kipato kiongezeke.

Tulizungumza na mama mmoja aliyekuwa akifunga mbegu kwenye kamba, kanga imekunjwa magotini. Alitwambia aliachwa na watoto wanne. Nyumba yake ya mabati ameijenga kwa mwani, tofali kwa tofali. Mwenzetu akamwuliza, "Na baba watoto akirudi leo, dada yangu?" Akacheka, mikono ikiendelea na kazi. "Akirudi ataingia kwangu kwa hodi. Zamani nilikuwa mimi ninayeomba hodi kwake."

Hapo nikakumbuka riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999, na ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021. Si riwaya ya Kikristo, wala si ya kumpa mtoto. Lakini Yasmin wake, aliyeozwa akiwa msichana mdogo kwa mwanamume mzee, anamtoroka mumewe na kukimbilia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Mwandishi alijua kwamba kabla ya mapenzi mapya mwanamke huhitaji mahali pa kulala. Waandishi wetu wa riwaya za kanisani wangefaidika kulijua hilo.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, mwenzetu alimjibu mumewe. Alitusomea. Hakuandika ndiyo, hakuandika hapana. Aliandika kwamba amemsamehe, na kwamba hamtakii mabaya. Kisha akaweka mambo manne. Kwanza, aondoke kule alikokuwa, akakae kwa kaka yake. Pili, ada ya shule ya watoto ianze muhula huu. Tatu, waende wote wawili hospitali kupima afya. Nne, wakutane kwa mchungaji kila mwezi kwa muda wa miezi sita, ndipo waulizane juu ya kukaa nyumba moja. Mwisho aliandika kwamba yale maneno "kama zamani" ayafute, kwa sababu zamani ndiko kulikowafikisha walipo.

Sijui mume huyo atajibu nini, na mama yule hajui. Aliikunja karatasi akalala, na kwa mara ya kwanza tangu tuvuke, hakuamka usiku.

Kwa atakayekwenda

Kisiwa ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa, nao ni watu wakarimu. Vaeni magauni marefu na kanga mabegani mjini na vijijini. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana. Msipige picha za akina mama bila kuwaomba. Katika kanisa la Mkunazini chukueni mwongozaji, na msiende kwa haraka. Kwa Mji Mkongwe vaeni viatu vya chini, kwa Paje ulizieni kwanza maji yanatoka saa ngapi.

Mkiweza, nendeni na waume zenu, hata kama ni kwa siku mbili. Jioni kaeni Forodhani, mle urojo na mishikaki, mnywe maji ya miwa, mwangalie vijana wakijirusha baharini. Watoto wakiwa mbali na masikio, kila mmoja amwulize mwenziwe: nyumbani kwetu kuna soko gani ambalo bado halijafungwa? Naye anayeulizwa apewe nafasi ya kumaliza kabla hajajibiwa.